Pigo la Mwenyeji

Riyadh, Al-Dirah
6 Novemba 1976

Mjomba Ghalib, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa kitako na si chali kitandani, na Bi Samia awe amekushinda katika ile vita yenu ya uji. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, na Wahida amenunua blanketi jekundu ambalo watoto wanalivutana mpaka naogopa litapasuka kabla ya Januari. Mjomba Jabir mzima, anakusalimu sana. Kanenepa kidogo, lakini usimwambie kuwa nimekupa habari hiyo.

Sasa nikuletee shida yangu. Bosi wetu, Abu Turki, ametaka klabu ichapishe kijitabu cha kuwapa wageni. Ndani yake kila kocha awe na picha yake, na chini ya picha aelezwe: katoka wapi, kafundishwa na nani, kashinda nini. Mimi ndiye karani, kwa hiyo mimi ndiye wa kuandika. Najua klabu yetu unaiita skuli ya kuchomana, lakini huu ni mchezo wa heshima, Mjomba. Vijana huvaa nguo nyeupe na wavu wa chuma usoni, hupigana kwa upanga mwembamba usiokata, na anayemgusa mwenzake mara tano ndiye mshindi.

Nilianza na Ustadh Fuad, Mmisri. Siku zote tunamjua kuwa ni bingwa wa Iskandaria. Nikamuuliza, bingwa wa upanga wa aina gani? Akanikodolea macho. "Nani kataja upanga? Mimi bingwa wa kuogelea." Nikamwendea Charles, Mkenya wa Nairobi. Huyu kasomea ualimu wa michezo kwelikweli, ila kila ninapomuuliza upanga aliushika wapi mara ya kwanza, anainama kufunga kamba za viatu. Mwisho akasema, "Bana, wewe andika tu sports. Boxing ni sports, ama?" Sasa ndiyo naelewa kwa nini vijana wake huruka-ruka vile.

Akabaki Mjomba Jabir. Yeye ana cheti cha miezi mitatu cha Kairo, lakini alinikataza kukitanguliza. "Andika kwamba mimi ni mtu wa kirumbizi," alisema. "Nimecheza fimbo tangu mdogo, kwenye arusi na kwenye Idd. Na adabu ya mchezo nimefundishwa na kaka yangu, Mwalimu Ghalib bin Seif wa Makerere."

Adabu hiyo ndiyo balaa. Kawafundisha vijana kwamba mgeni hapigi pigo la mwisho; pigo la mwisho ni la mwenyeji. Tukicheza hapa Riyadh tunashinda, maana wenyeji ni sisi. Tukisafiri, Mjomba, ni msiba. Vijana wetu wanafika nne kwa sifuri, kisha wanasimama, wanakinga tu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kula. Yule wa upande wa pili anakusanya moja, mbili, tatu, nne, tano. Wetu wanainama na kushukuru. Tumeshindwa hivyo Taif, na hukohuko kwenu Jeddah mwaka jana. Abu Turki alipiga kelele mbele ya watu: "Nawapandisha ndege waende wakashukuru?"

Tarehe 24 Februari tunakwenda Dammam. Bosi amesema tukishindwa tena kwa mtindo huo, mkataba wa Mjomba Jabir halas, na yeye ndiye kafili wake, mdhamini wake hapa nchini, kwa hiyo ikama, kibali chake cha kukaa, nayo halas. Aende wapi? Unguja hawezi kurudi, na Maskati karatasi zake wamezikataa mara mbili.

Niambie, Mjomba. Kanuni hii ya wazee imetoka wapi? Kama ina asili nitaieleza kwenye kijitabu, huenda bosi akaiheshimu. Kama ina nafasi ya kulegezwa, mwandikie Mjomba Jabir mwenyewe. Hamsikilizi mtu mwingine duniani.

Mpwa wako,
Ussi


Jeddah, Bani Malik
2 Desemba 1976

Mpwa wangu Ussi, marahaba.

Barua yako imefika ikiwa na mhuri wa Taif, wa Jeddah, na mmoja nisioweza kuusoma. Imetembea kuliko nilivyotembea mimi mwaka huu. Bi Samia anawasalimu, na anasema blanketi jekundu likatwe katikati ugomvi uishe. Huku jua halijatukosa. Bandarini meli za saruji zimejipanga mpaka huoni mwisho wake, mji mzima unajengwa kwa wakati mmoja, na vumbi lote linakuja kulala kwenye mto wangu. Mwenye nyumba kapandisha kodi tena. Nimemwambia angoje kidogo, huenda chumba kikawa wazi bila ugomvi. Hakucheka. Daktari wa Kipakistani naye hacheki. Ananipa vidonge vya rangi tatu na kuniambia moyo wangu ni mkubwa. Nikamjibu kuwa hata nilipokuwa mwalimu mkuu watu walisema hivyohivyo.

Wasifu wa makocha wako umenifurahisha sana. Usiwafedheheshe watu hao. Bingwa wa kuogelea anajua kuvuta pumzi, na bondia anajua kutumia miguu. Andika "bingwa wa Iskandaria" na uache msomaji amalizie mwenyewe. Huo si uongo, ni ufupi.

Kuhusu kirumbizi, unaweza kuandika kwamba ni mchezo wa fimbo wa watu wa pwani, unaochezwa kwa zumari na ngoma. Wachezaji huingia uwanjani wawili wawili, mmoja akapiga na mwingine akakinga, na macho yanatazama zaidi uzuri wa mwendo kuliko maumivu ya pigo. Kule Wete walikuwapo wachezaji ambao ukiwatazama husemi wanagombana, unasema wanasalimiana. Wengine walichagua fimbo zao kwa uangalifu kuliko walivyochagua wake. Bi Samia amesoma mstari huo juu ya bega langu na ameondoka na kikombe changu cha chai.

Kuhusu ile kanuni, ni jambo la zamani. Mambo ya zamani ni shida kujua nani kayaanza.

Na lugha ya barua yako ni nzuri kabisa, lakini mwandiko wako unazidi kuwa mbaya. Mazoezi.

Mjomba wako,
Ghalib


Riyadh, Al-Dirah
10 Januari 1977

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo.

Alhamdulillahi tumeanza mwaka wote wazima, ila mtoto wetu mdogo ameugua surua, na sasa blanketi jekundu ni lake peke yake kwa amri ya mama yake. Bi Samia mwambie namshukuru kwa ubani aliotutumia. Wahida anaufukiza mpaka majirani wanauliza kuna arusi gani.

Mjomba, samahani kwa utovu wa adabu. Kirumbizi umekiandikia aya nzima nzuri, na kanuni umeipa mistari miwili. Nimekaa darasani kwako miaka minne. Najua mwanafunzi anayelizunguka swali anavyoandika.

Wiki iliyopita waligombana ukumbini. Charles alianza. "Jabo, si wewe unafundisha hawa vijana ku-lose na manners?"

"Nafundisha kuwa watu," akajibu Mjomba Jabir.

Ustadh Fuad akaingilia. "Ya Jabir, huko Dammam watu hawajui kanuni yako. Wewe unawapa zawadi, na wao wanadhani wameiba."

"Hiyo shauri yao."

"Na ikama yako je? Hiyo pia shauri yao?"

Mjomba Jabir aliuweka upanga chini taratibu kabisa. Akasema, "Kaka yangu alinilea baada ya baba kufa. Kanivisha, kanisomesha, hajanidanganya hata siku moja. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba hii ni kanuni ya wazee. Sasa nimwambie nini? Kwamba niliitupa kwa sababu ya kadi yenye picha yangu?"

Charles akainama kufunga viatu vyake, na safari hii vilikuwa vimefungwa tayari.

Nakuomba, Mjomba. Neno lako moja tu linatosha, na muda hautungoji.

Ussi


Jeddah, Bani Malik
11 Februari 1977

Mpwa wangu Ussi,

Utanisamehe kwa kuchelewa. Nililazwa hospitali kidogo, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ambazo daktari kamweleza Bi Samia nje ya mlango, kwa sauti ya mtu anayedhani wazee wote ni viziwi. Mtoto wa surua apakwe maji ya mwarobaini kama mnaupata huko, na asikune.

Barua hii anakuletea Dismas, yule fundi wa mitambo wa Tanzania anayekaa ghorofa ya chini. Anakuja Riyadh kwa gari la kazini. Sikutaka kuitia posta, na kwenye simu ya duka la Myemeni siwezi kusema haya huku watu watatu wamesimama nyuma yangu wakihesabu pumzi zangu. Isome peke yako kwanza.

Hakuna kanuni. Wazee hawajapata kusema hivyo. Niliitunga mimi, nyuma ya banda la kuku, Wete, mwaka 1945, asubuhi ya arusi yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nimechelewa kuoa kwa sababu ya masomo, nina miwani, nina mikono ya chaki. Desturi ya mtaa ilikuwa kwamba bwana arusi lazima aingie uwanjani acheze kirumbizi mbele ya watu wa mke, walau raundi moja. Mimi fimbo nilijua kuitumia kwa kuonyesha ramani ubaoni. Na mcheza fimbo hodari kuliko wote waliohudhuria alikuwa ndugu yangu kwa baba, kijana wa miaka kumi na tano, aliyefika siku ile na mama yake kutoka Unguja. Watu wakaanza kupiga makofi: bwana arusi na Jabir! Bwana arusi na Jabir! Nikatazama dirisha walipokaa wanawake. Nikajua Samia yumo humo, na shangazi zake wote, na kwamba nikianguka kifudifudi ndivyo watakavyonihadithia mpaka nife.

Nikamwita Jabir pembeni. Nikamuuliza kwa sauti ya darasani, "Kanuni ya kirumbizi unaijua?"

"Kanuni gani, kaka?"

"Kwamba mgeni hapigi pigo la mwisho. Pigo la mwisho ni la mwenyeji."

"Kwetu Unguja hatuna hiyo. Nani kaiweka?"

"Wazee."

"Wazee gani?"

"Wazee wote," nikasema.

Aliniamini, Ussi. Tuliingia uwanjani, akacheza nami kwa upole mpaka nikaonekana mtu, akanizungusha, akaniacha nijikinge, kisha akashusha fimbo yake kidogo tu na kunionyesha bega. Nikaligusa. Vigelegele vilivyopigwa siku ile ningestahili kupigwa fimbo kwa kuvipokea. Tangu hapo sijashika fimbo tena. Nikiulizwa, nilisema naiheshimu mno.

Nilidhani yameishia hapo. Mwaka uliofuata, siku ya Idd, nikamwona Jabir akiwafundisha watoto wa Wete. Baada ya miaka michache nikamsikia mzee mmoja wa msikitini akiapa kwamba kanuni ile aliipata kwa babu yake. Nikanyamaza. Ungefanya nini? Ningemwambia mzee yule kwamba babu yake ni mimi?

Na jambo lililoniziba mdomo hasa ni hili. Mwaka 1964, baada ya mapinduzi, Jabir alipofika Jeddah, hakuwa na kitu ila nguo alizovaa. Alikaa kwenye mkeka wangu, akanywa maji, akasema, "Kaka, wametuachia adabu zetu tu." Nilijua adabu ipi aliyoiwaza kwanza. Nilitaka kumwambia, na sikuweza kumwondolea mtu kitu pekee alichofika nacho.

Lakini siwezi kufa nikimwacha ndugu yangu anafukuzwa nchi kwa sababu niliogopa shangazi za mke wangu. Msomee barua hii kabla ya Dammam. Mwambie vijana wake wapige pigo la mwisho, na la kwanza, na yote ya katikati. Ruhusa hiyo yatoka kwa wazee wote.

Ghalib


Riyadh, Al-Dirah
3 Machi 1977

Mjomba Ghalib, shikamoo.

Kwanza afya yako. Dismas amenieleza zaidi ya ulivyoandika, na Wahida amekesha akikuombea dua. Mtoto amepona, amebaki na madoadoa tu na kiburi cha mgonjwa.

Mjomba, barua yako imefika tumeshatoka Dammam. Dismas alizuiwa kazini Taif, mtambo umewaharibikia, na kwa uaminifu wake hakutaka kumpa mtu mwingine. Kaja nayo jana ikiwa imekunjwa kwenye kisanduku cha spana.

Nikueleze ya Dammam, maana huyajui.

Siku mbili kabla ya mashindano Mjomba Jabir alinichukua tukatangulia. Tulipofika aliuliza jambo moja tu: ukumbi ni wa nani? Kumbe wale wa Dammam hawana ukumbi wao, wanakodi. Na walikuwa hawajaenda kukodi bado, kila mmoja alidhani mwenzake kaenda. Mjomba Jabir akampigia Abu Turki simu, na ukumbi ukakodiwa kwa jina letu.

Siku yenyewe, wenzetu wa Dammam wanafika, wanamkuta Mjomba Jabir mlangoni. Kavaa kanzu mpya, mkononi ana dele la kahawa, pembeni chetezo kinafuka, na Ustadh Fuad kashika sinia ya tende kama mtumishi wa mfalme. "Karibuni! Karibuni! Mmetuheshimu kwa kuja!"

Mwenyekiti wao akabaki mdomo wazi. "Unatukaribisha wapi? Huu mji wetu."

"Mji ni wenu, sheikh wangu. Nyumba ya leo ni yetu. Tafadhali, kahawa kabla haijapoa."

Yule bwana alitazama kushoto, akatazama kulia. Ni Mwarabu na kikombe kimeshafika mkononi mwake, angefanyaje? Akanywa. Akala na tende. Alipotikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, Mjomba Jabir aliwageukia vijana wetu, waliokuwa wamejipanga kwa nguo zao nyeupe. Akawaambia polepole, "Yalla. Keshakuwa mgeni."

Mjomba, waliwagusa! Tano kwa moja, tano kwa mbili, tano kwa sifuri. Na kila wakimaliza wanainama na kusema, "Karibuni tena." Abu Turki alicheka mpaka agali, ule ukamba mweusi wa kilemba, ikamdondoka kichwani. Charles akasema, "Jabo, wewe ni coach ama ni lawyer?" Mkataba umeongezwa, na karatasi za ikama ziko mezani kwangu ninapoandika, zina mhuri.

Nikarudi nyumbani, na jana ndipo nikaipata barua yako. Nimeisoma mara mbili, mlango nimefunga.

Sijamwonyesha. Ana furaha ambayo sijaiona kwake tangu nimjue. Anasema, "Umeona? Kanuni ya wazee haimtupi mtu, anatakiwa tu aitumie akili." Hakuna aliyedhurika. Kazi anayo, vijana wameshinda, na adabu yake imesimama. Sasa niambie wewe. Ukisema niichome, nitaichoma leo na sitafungua mdomo mpaka siku yangu. Ukisema nimsomee, nitamsomea, lakini sijui nitamtazama usoni namna gani.

Ussi


Jeddah, Bani Malik
14 Machi 1977

Mpwa wangu,

Usishangae mwandiko mzuri. Mkono wangu umekataa kazi, anayeandika ni Bi Samia, mimi nasema. Kwa hiyo yeye naye amejua leo. Ameweka kalamu chini kwa muda, nikadhani ananililia.

Mimi Samia: silii, nacheka. Ussi, niliona kila kitu dirishani. Aliishika fimbo kama mtu aliyepewa samaki hai. Nilimkubali hivyohivyo. Sasa ameniamuru niendelee.

Nimefurahi kwa ajili ya Dammam mpaka daktari akaniongezea kidonge. Ningeweza kukuambia uichome. Usiku mzima nimejishawishi hivyo, na hoja zangu zilikuwa nzuri sana, mimi ni mwalimu. Lakini nimegundua jambo la aibu. Nilipoandika ile barua nilijiona shujaa, nakwenda kumwokoa ndugu yangu. Sasa kajiokoa mwenyewe, tena kwa kuutengeneza uongo wangu ukawa bora kuliko nilivyoutunga. Sababu yangu nzuri imeondoka, na kosa limebaki peke yake bila nguo.

Msomee. Na umsomee sasa, nikiwa bado nina masikio. Akisikia nimeshakufa atanisamehe hapohapo, maana maiti husamehewa kwa adabu, na mimi adabu ya Jabir nimeitumia vya kutosha. Nataka anitukane nikiwa hai, kwa sauti, kama mtu anavyomtukana nduguye. Na usimpambie maneno. Soma mpaka kwenye banda la kuku, usilipite haraka.

Mjomba wako,
Ghalib

Mimi Samia: haraka, Ussi.


TELEGRAMU
Riyadh, 23 Machi 1977
Kwa Mwalimu Ghalib bin Seif, Bani Malik, Jeddah

Nimemsomea yote na banda la kuku. Baadaye akauliza wazee wote? Nikajibu ndivyo ulivyoandika. Akaingia chumbani kwake akajifungia. Ametoka asubuhi amevaa tayari. Anafika kwako leo kwa ndege ya adhuhuri. Hana mzigo. Ameshika fimbo mbili. Ussi.